Lewis Carroll, mwenye kigugumizi aliyezitungia herufi sheria

Kila tunapoweka fumbo la maneno hewani, ujumbe unaoingia studio huwa mwingi kuliko siku ya habari nzito. Tafuta neno la Kiingereza la herufi tano, ndani yake ziwemo G na R, lisiwe na A. Dakika haipiti, majibu yanaanza kumiminika kutoka kwa waliomo kwenye daladala, walio jikoni, na walimu ambao hupenda kutukosoa kuliko kujibu. Na karibu kila mara yupo anayeuliza: mchezo huu wa kuwabana watu kwa idadi ya herufi ulianzia wapi?

Kuchezea herufi ni jambo la kale. Wayunani na Warumi walilifanya karne nyingi kabla ya karatasi kuwa rahisi. Lakini masharti tuliyoyazoea leo, kwamba neno liwe na urefu maalumu, kwamba herufi fulani lazima ziwemo, kwamba kila hatua iwe neno linalokubalika na si la kubuni, yalipitia mikononi mwa mtu mmoja aliyeyaandika kwa umakini wa mwanahisabati, maana ndivyo alivyokuwa. Dunia inamfahamu kwa jina la Lewis Carroll, mtunzi wa kisa cha msichana Alice aliyemfuata sungura hadi ndani ya shimo. Sisi leo tunamtazama kwa upande mwingine. Mtu huyu aliyezitawala herufi kwenye karatasi alishindwa kuzitawala kinywani. Tangu utotoni hadi kaburini alikuwa na kigugumizi.

Nyumba ya watoto kumi na mmoja

Jina lake halisi lilikuwa Charles Lutwidge Dodgson. Alizaliwa tarehe 27 Januari 1832 katika kijiji cha Daresbury, eneo la Cheshire, kaskazini magharibi mwa Uingereza. Baba yake alikuwa kasisi wa kanisa la Anglikana. Charles alikuwa mtoto wa tatu kati ya 11, na wa kwanza kwa wavulana. Mwaka 1843 baba alihamishiwa parokia ya Croft huko Yorkshire, na nyumba ya kasisi hapo ikageuka kuwa kiwanda kidogo cha michezo. Charles aliwatungia wadogo zake mashairi ya kuchekesha, mafumbo na majarida ya mkono ambayo wasomaji wake walikuwa ni familia yenyewe. Mojawapo aliliita Mischmasch, yaani mchanganyiko wa vitu ovyo ovyo. Jina hilo tutakutana nalo tena.

Kigugumizi hakikuwa chake peke yake. Wengi wa ndugu zake walikuwa nacho. Wenye hali hii, au waliolelewa na mwenye nayo, wanajua kwamba si uchache wa akili wala woga. Neno lipo tayari kichwani, limekamilika, mwenyewe anaiona hata herufi inayomngoja mlangoni, lakini ulimi unagoma. Mara nyingi mtu hujifunza kulikwepa neno gumu na kutafuta jingine lenye maana hiyo hiyo ambalo linaanza na sauti laini zaidi. Maana yake ni kwamba tangu utotoni anayapima maneno kwa herufi zake kabla ya kuyatamka. Hatusemi kwamba hapo ndipo mapenzi ya Dodgson kwa mafumbo yalipoanzia. Tunasema tu kwamba alikuwa na sababu ya kuziangalia herufi kwa jicho ambalo wasemaji wepesi hawana.

Alipelekwa shule ya bweni ya Rugby, miaka ambayo baadaye hakupenda kabisa kuikumbuka. Januari 1851 aliingia chuo cha Christ Church, Oxford. Siku mbili tu baada ya kufika alipata habari kwamba mama yake amefariki, na akarudi nyumbani kuzika. Kesho yake baada ya kifo hicho alitimiza miaka 19. Alirejea chuoni na hakuondoka tena. Oxford ilikuwa makazi yake hadi mwisho wa maisha. Mwaka 1854 alifaulu hisabati kwa daraja la kwanza, na kuanzia 1855 hadi 1881 alikuwa mhadhiri wa somo hilo.

Nafasi yake ya kudumu chuoni ilikuwa na masharti mawili: asioe, na apokee daraja takatifu. La kwanza alilitimiza. La pili alifika nusu. Tarehe 22 Desemba 1861 aliwekwa wakfu kuwa shemasi, na hakuendelea kuwa kasisi kamili kama baba yake. Miongoni mwa sababu zinazotajwa mara kwa mara ni kile kigugumizi. Kusoma ibada nzima mbele ya waumini, siku baada ya siku, maneno yale yale yasiyoweza kubadilishwa, ni mtihani mkubwa kwa mtu ambaye kinga yake ni kukwepa maneno. Mhubiri anaweza kuchagua maneno yake. Msomaji wa liturujia hawezi.

Alitafuta tiba. Mtu aliyemwendea ni James Hunt, aliyekuwa maarufu kwa kuwasaidia wenye kigugumizi nyumbani kwake karibu na mji wa Hastings. Hapa inatubidi tusimame kidogo, kwa sababu Hunt huyo huyo mwaka 1863 alianzisha chama cha wataalamu wa anthropolojia jijini London, na katika mihadhara yake alidai kuwa watu weusi ni wa daraja la chini na kuutetea utumwa wa huko Marekani. Mganga wa ndimi zilizokwama aliutumia ulimi wake mwepesi kwa kazi hiyo. Dodgson alimwendea kwa ajili ya usemi, na usemi wenyewe haukupona.

Jina lililopinduliwa

Mwaka 1856 alikuwa akipeleka mashairi katika jarida moja la London, na mhariri wake, Edmund Yates, alimtaka achague jina la kalamu. Namna alivyolipata inatuonyesha akili yake ilivyofanya kazi. Alichukua majina yake mawili ya kwanza, Charles Lutwidge, akayageuza kuwa ya Kilatini: Carolus Ludovicus. Akayapindua, la pili likatangulia. Kisha akayarudisha katika Kiingereza, na Lewis Carroll akazaliwa. Watoto wa pwani yetu waliocheza kinyume, ule usemi wa kuhamisha silabi ya mwisho ikae mbele ili wakubwa wasielewe, wataitambua hila hiyo bila kufundishwa.

Lakini katika orodha aliyompelekea mhariri kulikuwa na jina jingine linalotuvutia zaidi: Edgar Cuthwellis. Ukizihesabu herufi zake ni 15, na ni zile zile 15 za Charles Lutwidge, hakuna iliyoongezwa wala kupotea. Zimepangwa upya tu. Kuchangua jina na kulijenga tena kulikuwa burudani yake ya maisha. Jina la mwanasiasa William Ewart Gladstone, aliyekuja kuwa waziri mkuu, alilichangua na kupata maelezo ya mchochezi mwenye nia njema. La muuguzi Florence Nightingale alilifanya kuwa wito kwa malaika mwenye kuleta furaha. Jaribu na jina lako usiku usipopata usingizi, utaona ugumu wake.

Kilichompa umaarufu ni safari ya mashua ya tarehe 4 Julai 1862. Yeye na rafiki yake, Robinson Duckworth, walipiga makasia juu ya mto Thames wakiwa na mabinti watatu wa Henry Liddell, mkuu wa chuo chao: Lorina, Alice na Edith. Njiani aliwasimulia kisa cha msichana aliyetumbukia chini ya ardhi, na Alice, aliyekuwa na miaka 10, akaomba kiandikwe. Kitabu kilitoka mwaka 1865, kikiwa na michoro ya John Tenniel. Mchoraji huyo hakuridhika na ubora wa uchapaji, na Dodgson akakubali toleo zima la nakala 2,000 liondolewe na kuchapwa upya, hasara iliyomwangukia yeye mwenyewe.

Ndani ya kisa hicho kuna ndege anayeitwa Dodo, yule wa kisiwa cha Mauritius katika bahari yetu ya Hindi, aliyekwisha kutoweka duniani. Husimuliwa kwamba Dodgson alijichora yeye mwenyewe kwa ndege huyo, kwa sababu alipojitambulisha alikwama kwenye silabi ya kwanza ya jina lake na kuirudia. Kama ndivyo, alikigeuza kigugumizi chake kuwa mhusika wa hadithi. Husimuliwa pia kwamba akiwa na watoto kigugumizi kilimtoka kabisa. Hilo tunalitilia shaka: baadhi ya watoto hao, walipokuwa watu wazima, walikumbuka kwamba alikwama hata mbele yao.

Kitabu cha pili cha Alice kilifika madukani mwishoni mwa 1871, na kinafungwa na shairi la mistari 21. Ukichukua herufi ya kwanza ya kila mstari na kusoma kutoka juu kwenda chini, unapata jina kamili la msichana yule: Alice Pleasance Liddell.

Krismasi ya wasichana wasio na la kufanya

Sasa tuje kwenye mchezo wenyewe. Siku ya Krismasi ya mwaka 1877, wasichana wawili waliomjua Dodgson walilalamika kwamba hawana la kufanya. Aliwatungia fumbo ambalo kwanza aliliita viungo vya maneno, na baadaye Doublets. Kuanzia tarehe 29 Machi 1879 jarida la Vanity Fair la London lilianza kulichapisha kama shindano, na mwaka huo huo likatoka kama kitabu.

Kanuni ni chache. Unapewa maneno mawili yenye idadi sawa ya herufi, mara nyingi yenye uhusiano wa kuchekesha. Unatakiwa kutoka la kwanza hadi la pili kwa kubadili herufi moja tu kila hatua, bila kuzihamisha herufi nyingine, na kila kidato cha ngazi hiyo lazima kiwe neno halisi. Mwenye vidato vichache ndiye mshindi. Fumbo lake mojawapo lilitaka HEAD, kichwa, kifike TAIL, mkia. Sisi tulilijaribu studio na kupata HEAD, HELD, HELL, HALL, HAIL, TAIL. Jingine lilitaka nyani afanywe mtu, kutoka APE hadi MAN, miaka ambayo Uingereza nzima ilikuwa ikigombana juu ya nadharia ya Charles Darwin. Mzaha huo kila msomaji wa gazeti aliuelewa.

Ugomvi haukukawia. Neno gani ni neno? Washindani walichimba kamusi na kuibuka na maneno ambayo hakuna Mwingereza aliyewahi kuyasikia, wakidai pointi zao. Dodgson alilazimika kuandaa orodha ya maneno mafupi yanayokubalika, yale ya mazungumzo ya kawaida, na kuyafungia nje yale ya kamusini peke yake. Kwa maoni yetu, orodha hiyo ina uzito kuliko fumbo lenyewe. Kila mchezo wa maneno uliofuata umelazimika kuwa na orodha kama hiyo, na kila orodha imewakasirisha watu. Walimu wanaotuandikia kutukosoa ni warithi halali wa wasomaji wa Vanity Fair.

Je, Kiswahili kinaweza? Kinaweza. Kutoka baba hadi mama ni hatua tatu: BABA, HABA, HAMA, MAMA. Kutoka kazi hadi pesa kuna njia ndefu kidogo, kama ilivyo katika maisha: KAZI, KAZA, KASA, PASA, PESA. Lakini ukiendelea utagundua ugumu ambao Mwingereza hana. Maneno yetu karibu yote huishia na irabu, kwa hiyo herufi ya mwisho ina nafasi tano tu za kubadilika, wakati Kiingereza kinaweza kufunga neno kwa karibu herufi yoyote. Pia Kiingereza kina utajiri wa maneno ya herufi tatu na nne yaliyojipanga kama mashimo ya bao. Weka B mwanzoni na T mwishoni, kisha pitisha irabu katikati: BAT, BET, BIT, BUT. Sisi urefu wa neno letu hauna adabu. PIKA ni herufi nne, lakini kitenzi hicho kikibeba mtenda, wakati na mtendwa, ANAWAPIKIA, kimefika kumi. Ukihesabu hivyo, kila kitenzi kinakuwa na mamia ya maneno, na ugomvi wa orodha ungekuwa mkubwa maradufu.

Miaka michache baadaye alitoa mchezo mwingine, na kuupa jina la lile jarida la utotoni: Mischmasch. Huu ndio unaokaribiana zaidi na fumbo tunaloliweka hewani. Mchezaji mmoja anataja herufi mbili au zaidi zinazofuatana, zikiwa kama kiini cha tunda, na mwenzake anatafuta neno linalozibeba herufi hizo pamoja na kwa mpangilio huo huo. Ukimtajia mtu NKN atahangaika, hadi alione UNKNOWN. Ukimpa WKW, jibu ni AWKWARD. Mtaji wa herufi naye lazima awe na neno lake mfukoni. Akitaja kiini kisicho na jibu, hasara ni yake. Kwa Kiswahili mpe jirani yako RDH uone kama ataifikia ARDHI, au LFAJ kama ataamka na ALFAJIRI. Mwaka 1891 alichapisha mchezo wa tatu, Syzygies, ambamo maneno huunganishwa kwa vipande vya herufi wanavyoshirikiana. Huo ulikuwa na hesabu nyingi mno za pointi, na tunadhani ndiyo sababu hakuna anayeucheza leo.

Ngazi ile ya herufi moja moja imefika mahali ambapo mwenyewe asingetarajia. Mwaka 1970 mwanabiolojia wa Uingereza, John Maynard Smith, aliitumia kueleza jinsi protini zinavyoweza kubadilika kwa vizazi vingi. Kama vile neno WORD linavyofika GENE, yaani jeni, kwa kupitia WORE, GORE na GONE, na kila kituo kikawa na maana, ndivyo protini inavyobadilika kiungo kimoja kimoja huku kila hatua ikiendelea kufanya kazi. Hatua isiyo na maana ni kifo. Fumbo la nyani na mtu lilirudi kwa wanasayansi kupitia mlango wa nyuma.

Kisha ikaja kompyuta. Mwanahisabati wa Marekani, Donald Knuth, alikusanya maneno 5,757 ya Kiingereza yenye herufi tano na kuyaunganisha yote yanayotofautiana kwa herufi moja. Maneno mengi yalijikuta kwenye mtandao mmoja mkubwa, unaweza kutembea kutoka hili hadi lile. Lakini maneno 671 hayakuwa na jirani hata mmoja. SUGAR, sukari, liko peke yake. OCEAN, bahari kuu, liko peke yake. Knuth aliyapa jina la ALOOF, neno la herufi tano lenye maana ya kujitenga, ambalo nalo ni mojawapo ya wapweke hao.

Herufi hizo hizo tano ndizo zilizowashika watu mamilioni kuanzia mwishoni mwa 2021, pale mchezo wa Wordle wa Josh Wardle ulipoenea kwenye simu: neno moja kwa siku, majaribio sita, na orodha ya majibu zaidi ya 2,300 iliyochujwa isiwe na maneno ya ajabu. Kwa upande wa Scrabble, iliyobuniwa na mchora ramani za majengo Alfred Butts wa New York na kuanza kuuzwa kwa jina hilo mwaka 1948, kuna jambo la kushangaza katika shajara ya Dodgson. Desemba 1880 aliandika wazo la mchezo wa herufi zinazosogezwa juu ya ubao wa sataranji hadi ziunde maneno. Aliliacha wazo hilo hapo.

Usiku, na kurasa zilizokatwa

Hatuwezi kumaliza bila kugusa linalosumbua. Kuanzia 1856 hadi 1880 Dodgson alikuwa pia mpiga picha hodari, na miongoni mwa picha zake ni za watoto, baadhi wakiwa hawajavaa nguo. Zilipigwa kwa idhini ya wazazi, katika zama ambazo wachoraji na wapiga picha wengi waliuona utoto kama alama ya usafi. Sisi wa leo tunaziangalia kwa macho mengine, na tuna haki. Mwezi Juni 1863 uhusiano wake na familia ya Liddell ulikatika ghafla. Katika shajara yake ukurasa wa siku hizo umekatwa, na madaftari manne kati ya 13 hayapo. Wasomi wamegombana juu ya ukurasa huo kwa miongo mingi. Kwetu sisi inatosha kusema kwamba urafiki wake na watoto wa wenzake si jambo la kupambwa kwa maua tu kama vitabu vya zamani vilivyofanya.

Uzeeni usingizi ulimkimbia. Akilala gizani alitatua hesabu kichwani, na mwaka 1893 alichapisha 72 kati ya hizo katika kitabu. Kuwasha taa kila wazo linapokuja kulimchosha, kwa hiyo mwaka 1891 alibuni kifaa alichokiita niktografu: kadi yenye matundu 16 ya mraba, safu mbili za manane. Mtu huingiza kalamu katika tundu na kuchora alama, na kila herufi ilikuwa na alama yake ya nukta na mistari. Kwa njia hiyo aliandika bila kuona. Alikuwa ametunga alfabeti ambayo haikuhitaji sauti wala mwanga.

Kuhusu barua, alikuwa na daftari alilolianza mwaka 1861, akisajili kila barua iliyoingia na iliyotoka. Nambari ya mwisho ndani yake ni 98,721. Huyo ndiye mtu aliyekwama mezani mbele ya wageni.

Jambo moja alilolishikilia kwa ukali ni kutenganisha majina yake mawili. Mhadhiri Dodgson aliandika vitabu vya jiometri na mantiki. Carroll aliandika vya watoto. Barua zilizoandikwa jina la Carroll na kuletwa chuoni kwake alizirudisha, na mwaka 1890 alichapa hata tangazo la kuwaambia wageni kwamba hakiri uhusiano wowote na vitabu visivyobeba jina lake halisi. Hiyo haikumzuia mtu yeyote kujua.

Vitabu hivyo viliendelea kusafiri. Kisa cha kwanza cha Alice kilitoka kwa Kiswahili mwaka 1940, kikachapishwa London kwa jina la Elisi katika Nchi ya Ajabu, na mwaka 2015 Ida Hadjivayanis akakitafsiri upya kama Alisi Ndani ya Nchi ya Ajabu. Mtafsiri wa Carroll ana kazi ya kumwonea huruma. Panya anaposimulia kisa chake, Alice anasikia mkia, kwa sababu TALE na TAIL hutamkwa sawa, na shairi lenyewe limechapwa likijipinda kama mkia hadi mwisho wa ukurasa. Kwa Kiswahili, kisa na mkia havigongani popote.

Mwishoni mwa 1897 Dodgson alikwenda kwa dada zake katika mji wa Guildford, kusini mwa London, kama alivyozoea kila Krismasi. Akashikwa na mafua makali yaliyogeuka nimonia, na tarehe 14 Januari 1898 akafariki, ikiwa imebaki chini ya wiki mbili atimize miaka 66. Amezikwa huko huko, kwenye makaburi yaliyo mlimani juu ya mji, chini ya msalaba mweupe. Jina la kasisi Charles Lutwidge Dodgson limechongwa hapo, na pembeni yake, ndani ya mabano, limewekwa lile la pili.